Nilimwambia Mdogo Wangu: Bakia, Rezo Iko

*Barua ya kwanza ilinifikia hapa gazetini mwezi wa pili, imekunjwa mara nne, imeletwa na mama mmoja anayeuza samaki wa Nyangwe. Sikuichapa. Mtu yeyote wa Kasongo angemjua aliyeiandika kabla ya kumaliza mistari kumi, na wakati ule kujulikana kungemponza. Nilimjibu kwa mkono. Sasa yeye mwenyewe ameomba barua zote zitoke, na majina yabaki. Jina la kampuni tumelifuta. Ukigeuza gazeti hili utaona tangazo lake ukurasa wa nyuma. Mkurugenzi wetu alikohoa sana, kisha akasema chapeni. — Mama Sidonie*

Mama Sidonie,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati, kwa sababu nikikaa nainuka, nikiinuka naenda mpaka mlangoni na kurudi, na bwana yangu Souleymane ameniuliza leo mara mbili kama niko mgonjwa. Siko mgonjwa. Niko na neno ndani ya kifua na sina wa kumwambia, ndiyo maana nakusumbua wewe mama usiyenijua, unisaidie kabla halijanimaliza.

Naitwa Mounira, nina miaka thelathini na sita, kwetu ni hapa Kasongo, nyuma ya msikiti, na ni mwaka wa saba sasa nauzia kampuni moja ya simu, nilianza na meza na mwamvuli, nikiuza sim na unité za kupigia na mega za internet, leo nasimamia wauzaji kumi na mmoja, wanawake watupu, toka soko la hapa mpaka Lusangi na mpaka Wamaza kule Kabambare, na kusema kweli naipenda kazi hiyo, watu wananisalimia njiani kwa jina, wananiletea simu zao kama vile wanavyomletea daktari mtoto.

Mwaka jana mwezi wa kumi kampuni ilisimamisha antene mpya Wamaza. Mimi ndiye niliyepewa mikrofoni. Nilisimama juu ya kiti nikapaza sauti, mega ishirini kwa sekunde, watu wa Kabambare, sasa mtaonana na watoto wenu wa Kinshasa uso kwa uso, na wiki ya kwanza ilikuwa kweli, Mama Sidonie, niliona kwa macho yangu mzee mmoja wa kike akibusu kioo cha simu kwa sababu mjukuu wake alikuwa ndani yake anacheka. Wiki ya pili kasi ya rezo, ya mtandao wenyewe, ikaanza kushuka. Mimi nilijua kabla ya wote, kwa sababu kila muuzaji wangu anafungua ile programu ya kupima kasi asubuhi, saa sita na jioni, ananipa namba, mimi naiandika ndani ya kaye yangu, daftari la shule, na kuipeleka kwa ujumbe ofisi ya Kindu. Nikaandika kumi na nane, nikaandika kumi na moja, nne, moja, kisha sifuri nukta na kitu, na watu bado wanapanga mstari kununua mega za mwezi mzima.

Shefu wetu, Bwana Feruzi, anatoka Kindu kila mwezi kukagua. Si mtu mbaya. Nilimwonyesha ile kaye, akafunga mlango.

“Mama Mounira, antene iko,” akasema. “Lakini bomba la kuileta data ni dogo, na watu wamekuwa wengi. Bomba kubwa litakuja. Lini, mimi sijui. Kwa sasa uzeni.”

“Na bango? Limeandikwa ishirini.”

“Limeandikwa ‘mpaka ishirini’. Soma vizuri.” Akacheka kidogo, bila furaha. “Mteja akilalamika, mwambieni simu yake ni ya zamani.”

Nikawafundisha wale mama kumi na mmoja sentensi hiyo. Niliwafundisha vizuri, hata namna ya kuishika simu ya mteja na kuigeuzageuza kwanza, kama unaitafutia ugonjwa.

Sasa nifike kwa lile linaloninyima kukaa. Niko na mdogo wangu, Asma, kitinda mimba wa mama yetu, mama alipokufa Asma alikuwa na miaka tisa na mimi ndiye niliyemlea. Anaishi Wamaza, anasaidia kwenye maternité, nyumba wanamojifungulia wanawake, miaka mitatu anashika taa na kuosha vyombo na kujifunza kwa macho, na tamaa yake ni moja tu, awe mkunga mwenye cheti. Chuo kimoja cha Kindu kilitoa mtihani wa kuandika, watu zaidi ya mia, Asma akawa wa tatu. Ikabaki mtihani wa mdomo, na kwa wale wanaotoka mbali chuo kilikubali wajibu kwa video, na siku ya Asma ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi.

Jumapili yake akanipigia. Ilikuwa wiki ya promo, niko sokoni, mstari wa watu mbele yangu, shefu Feruzi amesimama ubavuni mwangu anahesabu sim zilizobaki.

“Yaya,” Asma akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake, “nikuje Kasongo niijibie hapo kwako, ao nibakie huku? Nikipanda moto kesho asubuhi, hata pikipiki ya mizigo, nitafika. Huku siioni rezo yenu vizuri.”

Mama Sidonie, namba ya Wamaza ya asubuhi hiyo nilikuwa nimeiandika kwa bic yangu mwenyewe. Sifuri nukta mbili. Nikaangalia mstari, nikamwangalia shefu, nikasema, “Bakia, Asma. Rezo iko.” Na nikasema kwa sauti ya juu, ili mstari wote usikie.

Nilijiambia nitampigia nikishafunga meza. Sikumpigia. Jumatatu pia sikumpigia. Ukiniuliza kwa nini, sijui, labda kwa sababu kumwambia yeye kungekuwa ni kujiambia mimi mwenyewe.

Jumanne alivaa blauzi nyeupe akaenda kukaa chini ya antene yenyewe, kwenye ukuta wa uzio, akidhani ukiikaribia utapata zaidi. Wale wa chuo wakamwuliza: mwanamke aliyezaa akaanza kumwaga damu utamfanyia nini. Asma anajua. Amefanya kwa mikono yake, usiku mkunga alipokuwa na mzazi mwingine. Alijibu yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kutoka upande wa pili akasikia, “Mademoiselle? Hatukusikii. Mademoiselle?” Akarudia amesimama. Akarudia anapiga kelele, watoto wakakusanyika kumtazama. Dakika kumi na mbili, ikakatika. Ijumaa wakaleta ujumbe: mgombea hakusikika, nafasi amepewa mwingine.

Akanipigia analia, na mimi, kwa mazoea, mdomo ukasema wenyewe, “Labda ni simu yako, Asma. Ni ya zamani.”

Akaniamini. Aliuza cherehani ya mama yetu, ile ya mguu, akanunua simu mpya.

Baadaye akaja mwalimu Zacharie, ni mwalimu wa Wamaza, amekusanya sahihi mia mbili na sita za watu waliolipia mega wasizozipata, wanataka kushitaki kwa régulateur, ile ofisi ya serikali huko Kinshasa inayozipa kampuni za simu ruhusa na kuzichunga. Alifika kwangu na matope mpaka magotini, akakaa kwenye kiti kirefu cha salon, akanywa chai, akasema, “Mama, sisi tuko na maneno tu. Kampuni itasema ni simu zetu. Nasikia wewe uko na namba.” Nikamwambia sina. Kaye ilikuwa chini ya mto wa kiti, alikuwa ameikalia.

Shefu Feruzi naye amesikia. Ananiambia nilete kaye “tuifunge”, na kwamba mwezi wa nne agence ya Kasongo, ofisi ya kampuni hapa, itapata mkuu mpya, kwa nini asiwe mwanamke, na kwamba niwafikirie wale mama kumi na mmoja, ofisi ikipata kesi wa kwanza kuachishwa ni wao. Souleymane nimemgusia kidogo tu, akasema, “Wewe unataka kupigana na antene?”

Na jana Asma amenipigia. “Yaya, mwalimu anasema uko na namba za siku ile. Kama ziko unisomee. Nataka kujua kama ni mimi nilishindwa ao ni rezo.” Mama Sidonie, nikasema, “Asma? Asma? Rezo inakata, sikusikii,” nikazima. Rezo haikuwa inakata. Nilikuwa nasikia mpaka anavyopumua.

Nisaidie. Kaye nimpe mwalimu, nimpe shefu, ao niichome? Na Asma, nimwambie, ao yaliyopita niyaache yalale? Tangu jana natembea tu ndani ya nyumba.

Mounira

---

Mounira,

Barua yako nimeisoma mara tatu na chai yangu imepoa. Nimekuhurumia, nakuambia hilo kwanza kwa sababu sitalirudia. Sasa keti. Haya hayafai kusikilizwa ukitembea.

Umeniuliza juu ya kaye kwanza, juu ya Asma mwisho. Umepanga vibaya, na nadhani unajua. Kampuni iliwadanganya watu wa Wamaza, na hilo tutalitafutia ofisi. Wewe ulimdanganya Asma, na hilo halina ofisi. Utaanza na hilo.

Usimpigie simu. Umeshaitumia simu vya kutosha. Utapanda moto mpaka Wamaza, utamkuta alipo, utamwambia mambo matatu: nilijua rezo haiko nikakuambia bakia, nilijua si simu yako nikakuambia ni simu yako, na juzi nilikuwa nakusikia. Basi. Usimweleze habari za mstari na za shefu kabla hajauliza. Na usilie mbele yake kabla yeye hajalia, kwa sababu machozi yako yatamlazimisha akubembeleze, na hiyo si kazi yake. Akikufukuza, ondoka. Akinyamaza, subiri. Msamaha si mega, huununui asubuhi ukautumia jioni.

Unasema yaliyopita yalale. Hayajalala, mwanangu. Yule msichana anaamka kila siku akijiona ni mtu aliyeshindwa kusema, na cherehani ya mama yake imeondoka kwa sababu ya sentensi uliyofundishwa ofisini. Unataka alale wapi?

Sasa kaye. Usiichome, na usimpe Feruzi. Uliinunua wewe na umeiandika wewe, na kilichomo si siri ya mtu: kasi ya mtandao wa Wamaza kila mwenye simu Wamaza anaweza kuipima. Lakini usimpe mwalimu ile yenyewe. Piga picha kila ukurasa, mpe picha, na kaye uiweke nje ya nyumba yako kwa mtu unayemwamini. Chini ya mto wa kiti si mahali, nimecheka na nimekasirika hapo hapo.

Mwambie mwalimu Zacharie sahihi mia mbili na sita ni nzuri lakini hazitoshi. Watafute simu kumi, mpya na za zamani zichanganywe. Wapime mara tatu kwa siku, wiki mbili, na kila kipimo wakipige picha na tarehe yake. Simu mpya ikitoa namba ile ile ya simu ya zamani, maneno ya “simu yako ni ya zamani” yatakufa yenyewe, hamtahitaji kugombana nayo. Kila mtu atunze ujumbe wa kampuni unaosema umenunua mega kadhaa siku fulani. Bango nalo lipigwe picha, karibu kabisa, hilo neno “mpaka” lionekane ukubwa wake. Mtu akikuuzia “mpaka gunia moja” la mihogo kisha akakupimia sahani, kwani atasema hakudanganya?

Malalamiko yaende kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, na ofisi ipige muhuri kwenye nakala yenu. Wakikataa muhuri, andikeni siku, saa, na jina la aliyekataa. Mkishawapa muda wa kujibu wasijibu, ndipo mpeleke kwa régulateur, nakala zote pamoja. Na msiandike tunateseka, tunateseka. Andikeni mnachotaka: mega tulizolipia turudishiwe, bango lishuke mpaka kasi ipande, na tupewe tarehe ya hilo bomba. Mteja si mwombaji. Amelipa, ana haki ya kupewa alichouziwa, na kama hakipo ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa franka yake.

Kuna jambo hukuliona kwa sababu unatembea sana. Uko na namba ya Wamaza ya Jumanne ile, asubuhi, karibu na saa nne. Sivyo? Chuo kimeandika mgombea hakusikika. Hakikujua kwa nini. Andika ushuhuda, kwa jina lako na kazi yako, useme siku hiyo saa hiyo mtandao wa pale ulikuwa hivi, na mtu yeyote angekaa pale asingesikika, hata profesa. Omba asikilizwe tena. Asiandike Asma, asiandike mwalimu. Andika wewe.

Wale mama kumi na mmoja umewaweka mbele yako kama ngao, na wao hata hawajui. Waite. Waambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya, kila mmoja ajichagulie. Na Souleymane mwambie yote leo, si kidogo kidogo. Mume anayegusiwa atatoa ushauri wa kugusiwa.

Kiti cha mkuu wa agence ukikatae. Sitakuahidi kwamba hutafukuzwa. Huenda utafukuzwa, na watu walewale wanaokusalimia kwa jina wengine watasema ulikula na kampuni ukaigeuka. Watakuwa na haki kidogo. Vumilia.

Nimeandika mengi. La kufanya kesho ni moja: tafuta moto wa Wamaza, uondoke kabla jua halijawa kali.

Mama Sidonie

---

Mama Sidonie,

Ni mwezi wa saba sasa, na nimeona si vizuri uliniandikia kurasa nne halafu nisikurudishie hata moja.

Nilienda. Nilimkuta Asma nyuma ya maternité anafua nguo za wagonjwa. Nikamwambia yale matatu nimesimama kwenye bomba la maji, sikulia. Hakuacha kukamua. Alikamua kitambaa kile mpaka hakikuwa na tone, kisha akasema, “Ungesema panda moto, ningepanda.” Mama mmoja akaita kutoka ndani, akaingia.

Nilikaa kwenye benchi mpaka jioni. Akatoka na sahani ya ugali na sombe ya majani ya mihogo, akaiweka kando yangu, akarudi ndani. Nililala kwa mwalimu Zacharie na mke wake. Asubuhi Asma akaja mwenyewe pale, akanipa simu yake mpya mkononi.

“Pima,” akasema.

Nikapima. Sifuri nukta tatu. Akachukua simu ya zamani ya mke wa mwalimu, akapima yeye. Sifuri nukta tatu.

“Kwa hiyo haikuwa simu yangu.”

“Haikuwa simu yako.”

“Wala haikuwa mimi.”

“Wala wewe.”

Akachukua bic, akaandika jina lake la kwanza kabisa kwenye orodha ya wapimaji.

Tulifanya kama ulivyosema. Kati ya wale mama kumi na mmoja, saba walileta namba zao, wanne walikataa, siwalaumu, mmoja ana watoto sita na bwana yuko machimboni tangu mwaka juzi. Kampuni ilikataa muhuri, tukaandika jina la aliyekataa. Mwezi wa tatu nilipata karatasi ya mistari miwili, nirudishe mwamvuli na sim zilizobaki. Shefu Feruzi ndiye aliyekuja kuvichukua. Alizihesabu sim bila kuniangalia, na mlangoni akasema, “Zile namba nilizipeleka juu kila mwezi, mama. Kila mwezi.” Nikamwamini. Nikamwambia na yeye aandike ushuhuda. Sijui kama ameandika.

Mwezi wa tano mafundi wa régulateur walifika na mashine zao, siku tatu, Wamaza na Lusangi. Ripoti yao hatujaiona. Lakini kampuni imewarudishia wateja wa Wamaza mega za miezi mitatu, bango limeshushwa, na tangazo jipya linasema kasi ni mbili mpaka nne. Bomba kubwa bado. Mwalimu Zacharie hajaridhika, anataka ripoti, anapima kila siku, watoto wa shule wamempa jina la Sifuri Nukta.

Mimi sasa nauza vitenge na Souleymane. Siku ya kwanza akaniambia mbele ya wateja, “Kama rangi inatoka ukifua, sema inatoka.” Nilikasirika mpaka mchana. Kisha mama mmoja akauliza, nikamwambia inatoka, akanunua kingine.

Chuo kilipokea ushuhuda wangu, wakajibu kwamba video hawataki tena, lakini aje mwenyewe mwisho wa mwezi wa sita watamsikiliza. Asma amepata nafasi, anaanza masomo mwezi wa kumi. Nakuambia mapema ili usisome kwa wasiwasi kama nilivyoishi mimi.

Kwenda Kindu ilikuwa siku mbili na nusu, moto mbili, matope. Alikubali niende naye. Njiani aliongea na dereva wake zaidi kuliko na mimi. Hajaniambia amenisamehe, na mimi sijamwuliza.

Siku yenyewe nilikaa kwenye ngazi nje ya chumba. Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia wanamwuliza: mwanamke aliyezaa akaanza kumwaga damu utamfanyia nini, sijui kama ni swali wanalowauliza wote ao walilirudisha kwa makusudi. Akajibu. Sauti yake ilikwenda moja kwa moja, taratibu, hakuna aliyemkata.

Alipotoka jasho lilikuwa limeloanisha blauzi mgongoni. Alisimama juu yangu kwenye ngazi.

“Wamenisikia mpaka mwisho,” akasema.

“Na wamesemaje?”

“Wataandika.”

Kisha akashuka, akatangulia kuelekea barabara kubwa kwa mwendo wake ule wa haraka. Sikumwita apunguze. Nikainuka nikamfuata.

Mounira, Kasongo